UZI: Feri ya Likoni ni bure, gari la kijijini si bure. Ruzuku ya usafiri inanunua nini?

1/ Uzi wa leo ni wa nauli. Masharti yetu ni yale yale: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama, hatutukanani. Tunaichambua hoja, kisha kila mtu anabaki na kura yake.

Hoja yenyewe mmeshaisikia. Mmoja anasimama jukwaani anasema: "Kaunti inunue mabasi ya bei nafuu yawafikie watu wa vijijini." Mwengine anamjibu: "Kodi ya wananchi si ya kulipia watu nauli." Wote wawili wanapigiwa makofi. Na wote wawili wanaondoka bila kujibu swali lenye uzito: hiyo pesa inanunua nini, na mwisho wa mwaka tutajuaje kama tumekipata tulichonunua?

2/ Kwanza tuelewane maana. Ruzuku ni pesa ya umma inayoziba pengo kati ya gharama ya huduma na kile anacholipa anayeitumia. Safari ikigharimu shilingi 3,000 na abiria wakatoa 1,200, kuna 1,800 ambazo lazima zitoke mahali. Zisipotoka popote, gari haliendi. Ndio hivyo tu, hakuna uchawi.

3/ Sisi wa Mombasa hatuna haki ya kujifanya wageni wa jambo hili. Pale Likoni anayevuka kwa miguu halipi hata ndururu. Magari yanalipa kulingana na aina yake, na pesa ya serikali kuu inaongezwa juu. Takwimu inayotajwa kila mara ni zaidi ya watu 300,000 kwa siku na magari kama 6,000.

Maana yake nini? Mtu anayetoka Likoni kila asubuhi kuja kufanya kazi kisiwani, nauli yake ya majini imelipwa kwa sehemu na mlipa kodi wa Kakamega, wa Garissa na wa Nyeri. Hawajawahi kuvuka hapo, na wengi wao hawatavuka.

4/ Kwani ni lazima feri iwe bure? La. Nenda Dar es Salaam, kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni: mtu wa miguu analipa shilingi 200 za Tanzania. Ni pesa kidogo, lakini analipa. Kivuko hicho kinaendeshwa na TEMESA, wakala wa serikali.

Bahari ni ile ile, lugha ni ile ile, maamuzi ni mawili. Hakuna sheria ya maumbile inayosema feri ni bure na basi ni la kulipia. Ni uamuzi wa kisiasa, na uamuzi wa kisiasa hujadiliwa.

5/ Sasa linganisha na mtu wa vijiji vya ndani huko Kinango au Ganze. Yeye hana maji mbele yake, ana barabara ya vumbi. Hospitali kubwa iko mbali, soko liko mbali, ofisi ya kitambulisho iko mbali. Kama mwenye Likoni amesaidiwa kuvuka maji, huyu wa Ganze anauliza: mbona mimi sisaidiwi kuvuka kilomita 40?

Ni swali la haki kabisa. Ila jibu lake si jepesi kama linavyosikika jukwaani. Twende polepole.

6/ Nilipoitaja mada hii barazani kwetu Tudor, mzee mmoja alikuja juu: "Sasa mimi wa Tudor nimlipie mtu wa shamba nauli, yeye ananilipia nini?"

Mzee ana hoja. Tudor gari halikosekani. Unasimama stejini, hata hujatoa simu mfukoni makanga ashakuita. Hatujui maana ya kungoja gari siku mbili. Kwa hivyo tunaona nauli ni suala la bei tu. Kwa mtu wa kijijini, bei ni suala la pili. La kwanza ni kama gari lipo.

7/ Shikeni hapo, kwa sababu ndipo uzi wote umefungwa. Matatu ya njia za ndani haiondoki kwa saa, inaondoka ikijaa. Dereva hana ubaya. Ana hesabu ya tajiri, ana mafuta, ana matairi yanayoliwa na mawe. Akiondoka na watu watano ameumia.

Basi anangoja. Mama mwenye mtoto mgonjwa anangoja naye. Saa nne, saa tano, saa sita. Akifika kliniki, foleni imeshafungwa.

8/ Ndiyo maana nasema kitu kikubwa ambacho ruzuku ya kijijini inanunua ni SAA YA KUONDOKA. Nauli ya chini inakuja baadaye. Gari liondoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi, liwe na watu 14 au liwe na watu watatu. Soko peke yake halitalipia hiyo safari ya watu watatu. Serikali ikiamua kulipia, inalipia viti vitupu vya siku mbaya ili mtu awe na uhakika wa kiti siku anayokihitaji.

Ukilielewa hilo, mabishano mengi yanapungua makali.

9/ Tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano, nimezitunga ili tuelewane, msiende kuzinukuu kama takwimu.

Gari la viti 14, njia ya vumbi. Safari moja kwa jumla (mafuta, dereva na makanga, matairi, bima, mkopo wa gari) ni 3,000. Nauli ni 150.

Siku ya soko gari limejaa: 14 × 150 = 2,100. Pengo ni 900. Gawanya kwa abiria 14: kila mmoja amesaidiwa kama shilingi 64.

Siku ya kawaida wamepanda 8: 8 × 150 = 1,200. Pengo ni 1,800. Gawanya kwa 8: kila mmoja amesaidiwa 225.

10/ Mmeona? Gari ni lile lile, barabara ni ile ile, dereva ni yule yule. Anayetaka njia ibaki atawaletea ile 64. Anayetaka njia ifutwe atawaletea ile 225. Na wote wawili hawajasema uongo! Wamechagua siku tu.

Kwa hivyo ukisikia "kila abiria anatugharimu kiasi fulani", uliza kwanza: mlihesabu siku gani, msimu gani, shule zimefungua au zimefunga, mvua inanyesha au ni kiangazi?

11/ Kuna namba ya tatu ambayo karibu kila mara inasahaulika: huyu mtu angelipa nini kama gari lisingekuwepo? Tuseme boda inamtoza 700. Kwa gari ametoa 150, ameokoa 550. Watu 8 wameokoa 4,400 kwa ruzuku ya 1,800.

Lakini tusijidanganye. Si wote 8 wangepanda boda. Wengine wangebaki nyumbani. Na huyo aliyebaki nyumbani ndiye mgumu zaidi kumhesabu, kwa sababu haonekani kwenye daftari lolote: ni mjamzito aliyekosa kliniki, ni kijana aliyekosa usaili, ni mzee aliyeacha dawa za presha.

12/ Sasa tuone Kenya imeshajaribu nini, maana wanaosema jambo hili ni jipya hawajapekua.

Jaribio la kwanza: kampuni moja ipewe njia zote. Kenya Bus Service ilianza Nairobi mwaka 1934, na Mombasa pia ilikuwepo. Mwaka 1966 baraza la jiji la Nairobi lilifanya nayo mkataba: jiji likapata asilimia 25 ya hisa, kampuni ikapata haki ya kubeba abiria peke yake.

Serikali haikuwa inaingiza pesa kila mwezi. Njia nono zilizilisha njia nyembamba. Faida ya barabara yenye watu wengi iliziba pengo la mtaa wa mbali. Hiyo pia ni ruzuku, ila analipa abiria mwenzako bila kujua.

13/ Halafu mwaka 1973 ikatoka amri kutoka juu kabisa: matatu ndogo zinaweza kubeba abiria bila leseni ya usafiri iliyokuwa ikitakiwa. Kwa mwananchi ilikuwa neema. Gari zikawa nyingi, vijana wakapata kazi, mitaa iliyosahauliwa ikafikiwa.

Lakini matatu zilikwenda wapi kwanza? Kwenye njia nono, bila shaka. Ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo. Njia nono zilipogawanywa, hapakubaki mafuta ya kulainishia njia nyembamba. Hili mlikumbuke kila mnaposikia "soko litajaza pengo". Soko hujaza pengo lenye faida. Pengo lisilo na faida linabaki pale pale.

14/ Jaribio la pili: serikali iendeshe mabasi yenyewe. Mwaka 1986 kulianzishwa shirika la mabasi ya Nyayo. Mabasi mengi yalikuwa msaada wa serikali za nje, madereva na makondakta walitoka kwa vijana wa NYS, nauli ilikuwa chini kuliko ya wengine. Waliokuwa wakubwa enzi hizo muwaulize: watu waliyapenda.

Haikufika miaka kumi, shirika likawa limelala. Mabasi yaliegeshwa kwa kukosa vipuri na usimamizi ulikuwa mbovu.

15/ Nyayo inatumiwa na pande zote mbili kama fimbo. Huyu anasema "mnaona, serikali haiwezi biashara". Yule anasema "mnaona, wananchi wanataka mabasi ya bei nafuu". Mimi naona jambo la tatu. Kununua basi ni kazi ya siku moja, yenye utepe wa kukata na picha za kupiga. Kubadilisha gia boksi mwaka wa nne ni kazi isiyopigwa picha, na ndiyo inayoamua kama basi litatembea.

Kwa hivyo mtu akiahidi mabasi 20, usiulize bei ya mabasi. Uliza bajeti ya vipuri ya mwaka wa nne.

16/ Jaribio la tatu tumeshalitaja, feri. Likoni kuna kivuko tangu 1937. Kwa miaka mingi ile ile Kenya Bus ndiyo iliyokiendesha, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 bandari ilipokichukua na Kenya Ferry Services ikaundwa. Mwaka 2021 shughuli zake zikarudishwa chini ya Mamlaka ya Bandari.

Kwa nini feri imedumu na Nyayo ikafa? Sababu moja ni kwamba feri ikisimama nusu saa tu nchi nzima inajua. Watu ni wengi, wako mahali pamoja, na kelele yao inasikika. Basi la kijijini likisimama mwezi mzima, wanaolia ni watu 40 waliotawanyika. Kwenye siasa, kelele ni pesa.

17/ Lakini kuwa bure si kuwa nzuri. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama ikiwa imebeba kupita uwezo wake. Watu 272 walikufa. Mombasa hii kuna nyumba ambazo tarehe hiyo bado ni ya matanga.

Nalitaja hili kwa heshima, na kwa sababu linahusu mada. Tukikagua huduma ya umma kwa kuuliza "nauli ni ngapi?" peke yake, tunaacha kuuliza idadi ya watu, hali ya chombo, na nani ana mamlaka ya kusema "hapana, imejaa, hawapandi tena".

18/ Tuvuke mipaka kidogo, kwa sababu Uingereza wamelifanyia kazi swali hili kwa miaka mingi. Oktoba 1986, nje ya London, kampuni za mabasi ziliachwa huru kuchagua njia zinazolipa. Zile zisizolipa lakini zinahitajika na jamii, halmashauri ya eneo inaweza kuzitolea zabuni: nani ataendesha njia hii, kwa ratiba hii, kwa pesa kidogo zaidi?

Serikali hainunui basi. Inanunua safari. Kampuni ikikosa kuondoka saa iliyoandikwa, mkataba upo wa kuibana.

19/ Ubaya ulionekana bajeti za halmashauri zilipobanwa baada ya 2010. Njia za ruzuku ndizo zilizokuwa rahisi kukatwa, na mara nyingi walianza na basi la jioni na la Jumapili, kwa sababu lina abiria wachache.

Hapo kuna mtego. Ukikata basi la mwisho la jioni, umeua pia basi la asubuhi. Mtu hapandi gari la kwenda kama hana uhakika wa la kurudi. Mwaka unaofuata abiria wa asubuhi wamepungua, mkaguzi anasema "mmeona, hawaitumii", na njia nzima inafutwa.

Hali ni hiyo hiyo hapa kwetu. Mama wa Ganze hatalala mjini kwa sababu ya kliniki.

20/ Turudi nyumbani. Kazi hii ni ya nani kisheria? Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili. Majukumu ya kaunti yametajwa: barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, usafiri wa umma wa barabarani, na feri na bandari, ukiondoa udhibiti wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa.

Soma tena: USAFIRI WA UMMA WA BARABARANI. Kwa hivyo mgombea wa ngazi ya kaunti akikwambia "hiyo ni kazi ya serikali kuu", mwambie afungue ukurasa. Na wa ngazi ya taifa akikuahidi basi la kijiji, muulize atapitia mlango gani.

21/ Mtaniuliza: na feri je, imeandikwa kaunti, mbona iko kwa bandari? Swali zuri sana, na ni moja ya mabishano ya ugatuzi. Wanaotaka ibaki juu wanasema ni kiungo cha barabara kuu ya kwenda Lunga Lunga hadi Tanzania, na kaunti moja haiwezi kubeba gharama yake. Wanaotaka ishuke wanasema Katiba imeshasema. Anayetaka ishuke ana deni la kutueleza ruzuku itashuka nayo au itabaki Nairobi. Jukumu likishuka bila pesa, mwenye miguu ataanza kulipa.

22/ Leseni ya gari la abiria inatoka NTSA, ambayo ni ya taifa. Na kanuni za mwaka 2014 zinamtaka mwenye matatu awe ndani ya sako au kampuni yenye angalau magari 30. Nia ilikuwa nzuri: kupata mtu wa kuwajibika badala ya kukimbizana na gari moja moja.

Lakini fikiria njia ya ndani inayohitaji magari matatu. Watu wake hawawezi kuunda sako yao. Lazima wajiunge na sako kubwa ya mjini, na sako kubwa macho yake yako kwenye njia nono. Wakati mwengine kikwazo cha kijiji si pesa, ni kanuni iliyoandikwa kwa kufikiria mji.

23/ Kikwazo kingine ni mpaka. Kaunti ya Mombasa ni mji mtupu. Vijiji tunavyovizungumzia viko Kwale na Kilifi, lakini safari nyingi zinaishia huku: hospitali kubwa, vyuo, soko la Kongowea. Kaunti ya Kilifi ikilipia gari linaloshusha watu Mombasa, nani anafaidi? Wote wawili. Nani alipe? Hapo ndipo kila mmoja anatazama dari.

Kuna Jumuiya ya Kaunti za Pwani, kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Kama kuna jambo linalohitaji meza ya pamoja, ni njia inayovuka mpaka.

24/ Na hapa ndipo ninapomjibu mzee wetu wa barazani. Mzee, mtu wa shamba anakulipia nini? Fungua jikoni kwako. Muhogo, nazi, ndizi, machungwa, maembe, mboga ya kienyeji, vingi vimetoka huko kwa gari hilo hilo unaloliona si lako. Gari likikosekana, vinapungua sokoni na bei inakupata hapo hapo Tudor.

Sisemi hiyo inamaliza mjadala. Nasema ukitaka kujua nani anafaidika na basi, usiangalie waliokaa ndani peke yao. Angalia na magunia juu ya karia.

25/ Haya, tuwape haki wapinzani wa ruzuku, maana wana hoja nzito. Ya kwanza: ruzuku mbaya humnufaisha asiyestahili.

Mfano mnaoukumbuka wote ni mafuta. Kuanzia Aprili 2021 serikali ilitumia tozo inayokatwa kwa kila lita kushusha bei kwenye vituo. Septemba 2022 ruzuku ya petroli ilipoondolewa, lita moja Nairobi ilipanda kutoka 159.12 hadi 179.30 kwa mkupuo mmoja. Kabla ya hapo, nani alikuwa akipata ruzuku kubwa zaidi? Mwenye gari kubwa, kwa sababu anajaza lita nyingi. Mtu wa miguu wa Ganze alipata kivuli chake tu.

26/ Ndio maana namna ya kulipa ni muhimu kuliko kiasi. Ziko njia tatu kuu.

Kulipa kwa kila abiria: mwenye gari atangoja lijaze, na kijiji cha mwisho atakiacha. Tumerudi pale pale.

Kulipa kwa kila kilomita: gari litazunguka hata tupu, na abiria hatasubiriwa wala kuheshimiwa, kwa sababu yeye si chanzo cha pesa.

Kulipa kwa kila safari iliyoondoka kwa saa, na nauli ya abiria abaki nayo mwenye gari: hapo ana sababu ya kuwahi na ana sababu ya kupakia. Inahitaji mtu wa kuandika saa, lakini simu ya kawaida inatosha.

27/ Kuna wanaosema mpeni mwananchi vocha ya nauli mkononi, achague mwenyewe. Mjini inaweza kufanya kazi. Kijijini vocha haipandwi. Kama gari halipo, umempa mtu karatasi.

28/ Hoja ya pili ya wapinzani, na hii naipenda: badala ya kulipia gari kila mwaka, tengeneza barabara mara moja. Barabara ikiwa nzuri gharama ya safari inashuka, na pengo huenda likajifunga lenyewe. Pesa zenyewe tunakatwa: tozo ya matengenezo ya barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwezi Julai 2024.

Ni kweli kwa baadhi ya njia. Katika mfano wetu, gharama ikishuka kutoka 3,000 hadi 2,000, gari lililojaa linapata faida ya 100 bila ruzuku. Lakini la watu 8 bado lina pengo la 800. Barabara inaponya siku ya soko, haiponyi Jumanne. Kwa hivyo mkaguzi mzuri anauliza yote mawili, njia kwa njia.

29/ Hoja ya tatu ni ya siasa zetu wenyewe: ruzuku inakuja mwaka wa uchaguzi na kuondoka baada ya kura. Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Mwenye matatu wa zamani anafukuzwa na basi la bei ya chini, anahama njia. Miezi minane baadaye basi limekufa, na yeye harudi. Kijiji kimebaki pabaya kuliko kilipoanzia. Ahadi isiyokuwa na mkataba wa miaka kadhaa inaweza kuwa hasara kwa yule yule iliyemlenga.

30/ Basi tukubaliane nini? Kwangu mimi, nikiziweka hoja zote mezani: ruzuku ya usafiri wa kijijini inatetewa pale inaponunua safari ya uhakika ambayo hakuna mfanyabiashara angeileta, kwa mkataba ulio wazi, kwenye njia iliyohesabiwa kwa uaminifu. Ikinunua picha na utepe, haitetewi. Unaweza kuwa wa mrengo wowote na ukakubali hivyo, kisha tukabishana kuhusu kiasi.

31/ Na mahali pa kubishana papo. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe kwenye mambo ya fedha za umma. Kaunti inawasilisha mpango wa mwaka kabla ya tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Ukienda kupiga kelele mwezi wa sita, chungu kimeshaepuliwa.

32/ Ukienda kwenye kikao, au akija mgombea mtaani, beba maswali haya:

- Njia ipi hasa, inaanzia wapi na inaishia kijiji gani?
- Saa ya kwanza ya kuondoka ni ipi, na gari la mwisho la kurudi ni saa ngapi?
- Abiria walihesabiwa siku zipi?
- Waliobaki nyumbani waliulizwa na nani?
- Mwenye gari analipwa kwa kichwa, kwa kilomita au kwa safari?
- Mkataba ni wa miaka mingapi, na bajeti ya vipuri iko wapi?
- Njia ikifutwa, nani anatangaza, na miezi mingapi kabla?

33/ Walio Kinango, Ganze, Kaloleni, Magarini, Lunga Lunga: tuandikieni hapo chini gari la kwanza kwenu linaondoka saa ngapi na la mwisho linarudi saa ngapi. Nitazipanga kwenye jedwali moja. Kabla ya mtu yeyote kuahidi basi jipya au kufuta la zamani, jedwali hilo angekuwa nalo.

Wiki ijayo: kodi ya nyumba na udhibiti wake. Wapangaji wa Tudor najua mko tayari.